Uso au Nembo: Kinachogombewa Bango la Filamu ya Muziki Linapotoka

Oktoba 2024, wiki chache kabla ya filamu ya muziki ya Wicked kuingia kumbi za sinema, studio ya Universal ilitoa bango jipya. Cynthia Erivo, aliyepakwa rangi ya kijani kuwa Elphaba, mchawi mwenye ngozi ya kijani, amevaa kofia nyeusi yenye ncha na anakutazama moja kwa moja. Ariana Grande, ambaye ni Glinda, amemwinamia sikioni anamnong'oneza. Kwa asiyeijua historia ya hadithi hiyo, ni picha nzuri tu ya wanawake wawili. Kwa mashabiki wa miaka mingi, picha ile ilikuwa salamu. Filamu imetokana na mchezo wa jukwaani uliofunguliwa mwaka 2003 Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, na bango la mchezo huo limepangwa vilevile, ila pale ukingo wa kofia umeshuka hadi kuyafunika macho ya Elphaba, na midomo yake ni myekundu, imejipinda upande mmoja kwa tabasamu la mtu anayejua siri ambayo wewe huijui.

Muda si muda shabiki mmoja akaichukua picha ya studio na kuirekebisha ifanane na ile ya zamani. Akashusha kofia, akaziba macho, akaipaka midomo rangi nyekundu na kuipinda. Picha hiyo ikasambaa kwa kasi, wengi wakisema hivi ndivyo studio ilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Erivo alipoiona alijibu kwa ukali kwenye Instagram. Alisema hajawahi kuona jambo la kuudhi kama lile, kwamba bango la zamani ni mchoro na yeye ni binadamu aliye hai, kwamba aliamua mwenyewe kuitazama kamera kwa sababu macho huzungumza pale maneno yasipokuwepo, na kwamba kumficha macho ni kumfuta.

Basi mtandao ukawaka. Upande mmoja ulisema mwigizaji anakuza jambo dogo, kwani shabiki alikuwa anaonyesha mapenzi tu. Upande wa pili ulisema shabiki amekosa adabu. Siku chache baadaye mada ilikuwa imeshakuwa "Erivo na hasira zake", na swali lenyewe likapotea njiani: kwa nini picha ya matangazo, ambayo haijakuonyesha hata sekunde moja ya filamu, iguse watu kiasi hicho? Na kwa nini jambo hili huzikumba filamu za muziki zenye nyota wengi mara kwa mara?

Kwa maoni yangu jibu liko kwenye biashara ya jukwaani, mahali ambapo wabishani wengi hawakutazama.

Mchezo wa muziki wa jukwaani hauwezi kuuzwa kwa sura ya mwigizaji, kwa sababu mwigizaji ataondoka. Mikataba huisha, watu huugua, wengine hupata kazi mahali pengine, na mchezo unaendelea na watu wapya. The Phantom of the Opera ilikaa Broadway kuanzia 1988 hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981. Bango lingekuwa na sura ya mwigizaji wa kwanza, lingekuwa uongo kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo likawekwa barakoa jeupe na ua waridi. Cats, iliyoanza London mwaka 1981, iliwekewa macho mawili ya njano kwenye giza, na ukiyachungulia vizuri unaona kwamba mboni zake ni vivuli vya wachezaji wanaocheza. Les Misérables, London 1985, ilichukua mchoro wa Émile Bayard wa karne ya 19 unaomwonyesha Cosette, yule mtoto wa riwaya ya Victor Hugo. Kwenye mchoro kamili mtoto yuko peku na ameshika ufagio mrefu kumpita kimo. Kwenye bango wamekata kichwa tu, nywele zikipeperuka.

Picha hizi ni nembo, na nguvu yake iko kwenye kile zisichokionyesha. Barakoa linaweza kuwa la mwigizaji yeyote. Elphaba wa 2003 hana macho, hivyo ndani ya ile kofia kila aliyewahi kuicheza nafasi hiyo anaenea, na kila msichana aliyeimba nyimbo zake chumbani kwake akiwa peke yake anaenea pia. Shabiki anaishi na nembo hiyo miaka 20, imo kwenye fulana, kwenye jalada la santuri, kwenye tiketi aliyoitunza. Hajisikii kama mteja wake. Anajiona mmoja wa wenyewe.

Sasa ije filamu. Filamu hufanya biashara kinyume kabisa. Yenyewe imelipia sura. Imemchukua mwimbaji mwenye mamilioni ya wafuasi na mwigizaji mwenye tuzo, na itabaki na sura hizo milele, kwani hakuna atakayekuja kesho kushika nafasi zao. Idara ya masoko inataka uso uonekane, uwe na mwanga, utambulike hata kwenye kioo kidogo cha simu. Shabiki anataka nembo, na nembo imejengwa kwa kuficha uso. Mahitaji hayo mawili yanakutana kwenye karatasi moja ya inchi 27 kwa 40, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha bango la sinema Marekani, na moja lazima lilisogezee jingine.

Ukishaliona hilo, maneno ya Erivo yanasomeka tofauti. Shabiki alidhani anarudisha kitu kilichopotea. Mwigizaji aliona anaondolewa kile alichokileta yeye. Wote wawili walikuwa wakiitazama kofia ileile. Nakubali kwamba shabiki hakuwa na nia mbaya, ila kwenye hoja ya msingi namwunga mkono Erivo: kumfunika macho mtu aliyechorwa na kumfunika macho mtu aliyepigwa picha si tendo moja. Elphaba ni mhusika anayekataliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na safari hii anachezwa na mwanamke Mweusi. Tena historia ya mabango haiwapi waigizaji Weusi sababu ya kustarehe. Mwaka 2013 huko Italia yalitoka mabango ya filamu ya 12 Years a Slave yaliyomweka Brad Pitt mkubwa, na jingine Michael Fassbender, wote Wazungu, huku Chiwetel Ejiofor, mwigizaji Mweusi ambaye ndiye mhusika mkuu, akiwa mdogo pembeni. Yaliondolewa baada ya malalamiko. Aliyeishi na kumbukumbu za namna hiyo hawezi kuuona mkono unaomziba uso kama mchezo tu.

Zipo filamu zilizoupita mtego huu vizuri. West Side Story ya 1961 ilitangazwa kwa bango la Joe Caroff: jekundu, herufi nzito nyeusi, na ngazi za nje za kukimbilia moto ukizuka, zinazoshuka kutoka kwenye herufi, wachezaji wadogo wakiruka juu yake. Hakuna sura hata moja ya nyota, na bado ni miongoni mwa mabango yanayokumbukwa zaidi. Les Misérables ya 2012 ilifanya jambo la busara zaidi. Bango lake la kwanza lilimtumia mtoto Isabelle Allen, aliyecheza Cosette mdogo, akiwa amepangwa kama ule mchoro wa Bayard: macho yaleyale makubwa, nywele zilezile za kupeperuka. Nembo ikawa mtu bila kupoteza chochote, kwa kuwa mtoto yule hakuwa nyota na hakuna aliyekuwa akiisubiri sura yake. Hugh Jackman, Anne Hathaway, Russell Crowe na Amanda Seyfried walikuja baadaye, kila mmoja na bango lake. Mpangilio huo ulimpa shabiki wa jukwaa chake kwanza, kisha ukampa studio chake.

Ugomvi wa pili ni wa majina, na huu ninaoufahamu mimi huzaa tuhuma nyingi zisizo na msingi. Bango linatoka, shabiki anaona jina la mtu limekaa juu ya kichwa cha mwingine. Au anaona kipenzi chake ametajwa wa tano. Anahitimisha kwamba mbunifu ni mzembe au studio ina chuki. Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Mpangilio wa majina huandikwa kwenye mikataba kabla kamera haijawashwa: nani anaanza kushoto, nani jina lake liko juu ya jina la filamu, nani anatajwa mwisho akitanguliwa na neno "na", nafasi ambayo wakongwe huitaka kwa sababu jicho hukomea pale. Hata ukubwa wa herufi hupimwa kwa asilimia ya ukubwa wa jina la filamu. Nyuso, kwa upande wake, hupangwa na mbunifu kwa kufuata uzuri wa picha, kimo cha watu na uhusiano wa wahusika. Majina yanafuata sheria, nyuso zinafuata macho. Zikikutana ni bahati.

Mfano ninaoupenda si wa filamu ya muziki. Mwaka 1974 Steve McQueen na Paul Newman walicheza pamoja kwenye The Towering Inferno, na kila mmoja alitaka kutangulia. Ufumbuzi ukawa kuliweka jina la McQueen kushoto lakini chini kidogo, na la Newman kulia lakini juu kidogo. Ukisoma kutoka kushoto, McQueen ni wa kwanza. Ukisoma kutoka juu, ni Newman. Mpaka leo ukiona majina mawili yamepandishwa na kushushwa kwa mtindo huo, jua palikuwa na mawakili mezani.

Filamu za muziki zenye nyota lukuki hukimbilia njia rahisi zaidi, ambayo ni alfabeti. Chukua bango la Nine ya mwaka 2009, filamu ya Rob Marshall. Anaanza Daniel Day-Lewis, kisha wanawake saba: Marion Cotillard, Penélope Cruz, Judi Dench, Fergie, Kate Hudson, Nicole Kidman na Sophia Loren. Soma herufi za kwanza za majina yao ya mwisho: C, C, D, F, H, K, L. Hakuna aliyepandishwa wala kushushwa, na hakuna wa kugombana na wakala wake. Cats ya 2019 ilifanya vivyo hivyo: Corden, Dench, Derulo, Elba, Hudson, McKellen, Swift, Wilson. Asiyejua siri hiyo atadhani James Corden ndiye mwenye filamu, wakati mhusika tunayemfuata tangu mwanzo ni Victoria, anayechezwa na mnenguaji wa baleti Francesca Hayward, ambaye jina lake liliwekwa kando kama mgeni anayetambulishwa.

Halafu kuna mabango ya mtu mmoja mmoja, yale yanayomwagwa 8 au 10 kwa siku moja. Watu huyalalamikia kwamba yanajaza kurasa. Kazi yake ni mbili: yanamaliza ubishi wa nani mkubwa, kwa kuwa kila mtu anapata karatasi yenye ukubwa sawa, na yanampa kila nyota kitu cha kuwawekea wafuasi wake mwenyewe. Na ukiona bango halina ule msitu wa majina membamba chini, hilo ni bango la kutamanisha tu. Haliletwi chini ya masharti yale ya mikataba, kwa hiyo bado ni mapema kulaumu kwamba fulani hakutajwa.

Kuhusu nyuso laini kama zimepigwa pasi, na vichwa vinavyoelea bila kukaa sawa na mabega, maelezo ni mafupi. Nyota wakubwa ni nadra kupatikana chumba kimoja siku moja. Kila mmoja hupigwa picha kwa wakati wake, wengine kichwa kinawekwa juu ya mwili wa mtu wa kuazima, kisha wahariri huunganisha. Waigizaji wengi wana haki ya kuidhinisha picha yao wenyewe, na mtu akiidhinisha picha yake huchagua ile inayompendeza yeye, hata kama mwanga wake haulingani na wa jirani. Wanane wakifanya hivyo, ndipo unapata kundi la watu wasiotazamana.

Lawama ambayo mashabiki wana haki nayo kabisa ni ya tatu: kufichwa kwa nyimbo. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 zilipita filamu kadhaa za muziki ambazo matangazo yake yalikwepa kusema hivyo. Trela ya kwanza ya Wonka haikusema wazi kwamba ni filamu ya muziki. Mean Girls, iliyotoka Januari 2024 na kutokana na mchezo wa Broadway, ilitangazwa kwa trela ambayo ungeitazama mara tatu usijue kwamba watu wataimba. Dalili ilikuwa noti ndogo ya muziki iliyofichwa kwenye jina la filamu. Mkuu wa masoko wa Paramount alikiri kwa gazeti la Variety kwamba hawakutaka kutanguliza neno hilo, kwa hofu kwamba baadhi ya watazamaji wangejitoa mapema.

Hesabu yao naielewa. Lakini anayependa muziki anajiona kama ndugu anayefichwa wageni wakija, na asiyependa anakuja kugundua akiwa ameshakaa kitini kwamba amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wote wawili wamekosewa heshima. Wicked, ambayo haikuuficha uimbaji wake, ilipita dola milioni 700 duniani kote na kupata uteuzi wa Oscar mara 10. Haithibitishi kwamba kila filamu ya muziki ikijitangaza wazi itafaulu, ila inawanyima wauzaji ule udhuru kwamba neno lenyewe ni sumu.

Swali linalobaki ni kama kelele za mashabiki zina maana yoyote kwa ubora wa filamu yenyewe. Mara nyingi hazina. Ubishi wa kofia ya Elphaba haukukuambia chochote kuhusu uimbaji wa Erivo. Lakini zipo kelele za aina nyingine, na Cats ndiyo kielelezo chake. Trela yake ilipotoka tarehe 18 Julai 2019, watu hawakulalamikia mpangilio wala majina. Walishtuka kuona nyuso halisi za Judi Dench na Idris Elba zimemea manyoya ya kompyuta, na mwili wa mtu ukijinyoosha kama wa paka. Hapo tena nembo ndiyo inayoeleza. Yale macho mawili ya njano ya 1981 yalimwachia kila mtu amtengeneze paka wake kichwani, na jukwaani vazi na rangi za usoni zilitosha kukamilisha. Filamu ililazimika kumwonyesha paka mwenyewe, na ilichokionyesha ndicho kilichokuwa ndani ya filamu yote. Ilipotoka Desemba, studio ilituma kumbi za sinema toleo lililorekebishwa huku lile la kwanza likiwa tayari linaonyeshwa. Filamu ya takribani dola milioni 95 iliingiza takribani milioni 75. Kwa hiyo mimi hupima hivi: malalamiko yakihusu jinsi kitu kilivyopangwa kwenye karatasi, nayaacha yapite, yakihusu kitu chenyewe kilivyo, nayasikiliza.

Narudi kwenye uhariri wa picha, kwa sababu hapo ndipo mambo yamebadilika kweli. Aprili 2023 Warner Bros. ilitoa chombo cha mtandaoni kilichomruhusu mtu yeyote kuweka picha yake ndani ya bango la Barbie. Watu waliingia kwa wingi, na wengi wao, bila kulipwa, wakawa mabango yanayotembea. Studio zenyewe ndizo zilizowazoeza mashabiki kwamba bango ni kitu cha kuchezea. Mwaka uliofuata mtu akalichezea la Wicked, na wengine wakatumia akili bandia kuifanya picha ile iwaonyeshe wale wawili wakipigana, jambo ambalo Erivo alilitaja pia kwenye malalamiko yake. Baadaye alieleza kwamba ilikuwa ni hali ya kibinadamu ya kutaka kumlinda Elphaba, na kwamba pengine angewapigia simu marafiki zake badala ya kuandika. Grande naye, akimtetea mwenzake, alisema akili bandia inamtatiza na kwamba haya yote yanahitaji muda wa kuyazoea.

Mimi ningependa kuona studio zikifanya kwa makusudi kile Les Misérables ilichokifanya: zitoe bango la nembo lenyewe, limechorwa na msanii, kofia imeshuka na macho hayapo, na lile la nyuso lije kwa siku yake, kila mwigizaji akiwa ameridhia picha yake. Shabiki akishapewa mchoro wake rasmi, hamu ya kuugusa uso wa mtu hupungua sana. Wabunifu wa kuifanya kazi hiyo wapo, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bajeti za matangazo ya filamu hizi.